Cheti cha Ukutani

Hii ni hotuba niliyoitoa Ijumaa usiku hapa Mombasa, mbele ya wenzangu wa kazi ya uhusiano mwema kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na visiwani. Wapo waliokwama Likoni wakingoja feri, wapo waliokosa ndege, na wapo ambao nawajua walikuwa Nyali wakila samaki. Wote wameniomba niiweke nzima. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hata pale ukumbini hazikuongeza kitu.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu mlioianza kazi hii kabla ya faksi, wageni wetu mliovuka mipaka na mliovuka maji, wenzangu wote: asalaam aleikum, na hamjambo. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mmekuja, na sisi tumepona. Pilau hii hatungeiona isingekuwa ninyi.

Nimepewa dakika ishirini na tano niseme namna ya kukikuza chama cha kimataifa cha kazi yetu, hili shirikisho letu. Mwenyekiti ameniomba nisiwe mkali. Nitajaribu.

Niruhusuni nianze na bibi yangu.

Bibi yangu alikuwa akipika mahamri Kibokoni. Alikuwa na methali moja aliyoishika kama rungu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku niliyomwambia nimepata kazi ya uhusiano mwema katika kampuni ya meli, aliniuliza ni kazi ya kufanya nini. Nikamweleza: kuwaambia watu habari za kampuni, kujibu magazeti, kuhakikisha kampuni inaeleweka. Akanyamaza. Akaligeuza hamri kwenye karai, akaligeuza tena, kisha akasema, "Kwa hivyo ni kukitembeza."

Nani kati yenu hajawahi kuambiwa hivyo, kwa methali hii au kwa maneno makali zaidi? Inueni mikono. Naona hakuna.

Lakini nisikilizeni. Mwaka mmoja, mwezi wa Shaabani, ulipita uvumi mtaani kwamba mafuta ya bibi ni ya kurudiarudia, ya jana juu ya ya juzi. Nani aliyeuanzisha hatukujua, ingawa bibi alikuwa na jina lake kichwani na alikufa nalo. Siku ya kwanza mahamri yalibaki nusu sinia. Siku ya tatu tulikula mahamri asubuhi, mchana na usiku. Kilikuwa chema, na hakikujiuza. Siku ya nne akalitoa jiko ndani akaliweka barazani, penye njia ya watu waendao msikitini alfajiri. Akaweka juu ya stuli mkebe wa mafuta usiofunguliwa. Akangoja mpaka wapite watu watatu wanne, ndipo akautoboa kwa kisu mbele yao, akamimina. Hakusema neno. Kesho yake mkebe mwingine, baraza ileile, kisu kilekile. Baada ya wiki mbili foleni ikarudi.

Miaka mingi baadaye nilimwambia, "Bibi, ule ulikuwa uhusiano mwema." Akakataa katakata. Akasema yale yalikuwa mafuta.

Nimeitafakari sana kauli hiyo. Na nimelitafakari sana hili jina letu. Waingereza wanaiita kazi hii mahusiano na umma, wakaishia hapo. Sisi, sijui alikuwa mtangazaji au karani wa serikali, kuna mtu aliyeona halitoshi akalitia "mwema". Tumejifunga wenyewe kwa kivumishi! Mhasibu haitwi mhasibu mwema. Wakili, hasha. Ni sisi tu tunaotembea na ahadi hiyo kwenye kadi ya kazi. Na ahadi ya namna hiyo mtu mmoja hawezi kuilinda peke yake, maana kila akikataa yeye, jirani yake atakubali. Kwa hiyo tunahitaji chama. Kwa hiyo tunahitaji chama kinachovuka mpaka, kwa sababu jirani wa siku hizi yuko Dubai, yuko London, na anamhudumia mteja wa Mombasa bila kuiona Mombasa.

Sasa nije kwenye swali lililonikosesha usingizi.

Zamani kidogo nilikuwa mweka hazina wa chama kimoja cha kanda. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka nikidai ada. Nikapanda ngazi za ofisi moja Biashara Street, ghorofa ya pili, juu ya duka la leso. Watu watatu, meza mbili, feni moja. Mwenye ofisi akanikaribisha kahawa, akanisikiliza vizuri kabisa, kisha akaniuliza: "Dada, nikishalipa nitapata nini? Cheti cha ukutani?" Akanionyesha ukuta. Vilikuwepo viwili tayari. Kimoja kilikuwa kimepigwa na jua la dirishani mpaka jina lake mwenyewe halisomeki.

Nikamjibu nini? Nikamwambia atapata mtandao wa wenzake duniani. Akacheka. Hakunidharau, alicheka kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. Nikashuka ngazi bila ada, nikanunua leso kwa aibu.

Tangu siku hiyo, kila ninaposikia chama cha kimataifa kimeongeza nchi, naiona ile ofisi. Tunapenda kuhesabu bendera. Tumefika nchi kadhaa, tumefungua tawi pahali fulani. Na yule bwana wa Biashara Street? Amepata nini tangu bendera ya mwisho?

Haraka ndiyo kosa letu la kwanza. Mnaodhani chama cha kimataifa hujengwa kwa mkutano mmoja wa hotelini, chukueni hesabu hii. Mwaka 1949 Waholanzi wawili wa kazi hii walikuwa wageni wa wenzao wa Uingereza jijini London, wakaanza kuzungumzia chama cha kuvuka mipaka. Mwaka uliofuata wakakutana Uholanzi, na Wafaransa, Wanorwei na Wamarekani wakiwemo. Chama chenyewe, IPRA, kikazaliwa rasmi London tarehe 1 Mei 1955. Kanuni za mwenendo wakazipitisha Venice mwaka 1961. Kanuni za maadili wakazipitisha Athens mwaka 1965, zilizotungwa na Mfaransa Lucien Matrat, naye akazijenga juu ya Tangazo la Haki za Binadamu la 1948. Tangu mazungumzo ya kwanza mpaka Athens ni miaka kumi na sita. Sisi shirikisho letu lina umri gani? Na tayari tumeshabadilisha nembo mara tatu.

Wala Afrika haikuchelewa. Afrika Kusini ina chama tangu 1957, Nigeria tangu 1963, Kenya tangu 1971. Na mwaka 1975, hapo Nairobi tu, lilizinduliwa shirikisho la vyama vya uhusiano vya Afrika, FAPRA, ambalo leo tunalijua kwa jina la APRA. Anayesema "tunaanzisha" na awasalimie kwanza waliomtangulia. Shikamooni.

Hilo la kusalimia nililijua kwa nauli yangu mwenyewe. Tukiwa na kile chama cha kanda, tuliamua kufungua tawi Dar es Salaam. Sitawalaumu wenzangu, mimi ndiye niliyesukuma. Tulikodi ukumbi, tukapanga viti sitini, tukachapisha vijitabu kwa Kiingereza, ada tukaiandika kwa dola. Siku ikafika. Wakaja watu tisa, na wanne kati yao walikuwa wahudumu wa hoteli waliosimama kwa adabu ukutani. Nikahutubia viti. Jioni yake mzee mmoja wa kazi hii akaniita chai, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mlipokuja nyumbani kwetu mlipiga hodi wapi?" Wenzetu walikuwa na chama chao. Walikuwa na mwenyekiti, walikuwa na ugomvi wao, walikuwa na historia yao. Sisi tulikuja kuwafungulia tawi kana kwamba wao ni kiwanja kitupu.

Na mimi ni mtoto wa Mombasa! Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Mji huu ulijengwaje? Ninyi wageni mkienda Mji wa Kale kesho, waulizeni wazee habari za Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili. Matatu yalikuwa upande wake: Wakilindini, Watangana, Wachangamwe. Tisa yalikuwa upande wao, na hebu sikilizeni majina yenyewe: Wamvita, Wakilifi, Wamtwapa, Wajomvu, Wapate, Wafaza, Washaka, na wenzao. Mnasikia? Ni majina ya mahali. Watu walitoka Pate, walitoka Faza, wakaingia Mombasa, na hakuna aliyewaambia kuanzia leo acheni Upate wenu. Mpate alibaki Mpate na akawa mtu wa Mombasa. Kila upande ulikuwa na tamim wake, yaani kiongozi wake, kila upande ulikuwa na marafiki zake bara, huku Wadigo na Waduruma, kule Wagiriama na Warabai na ndugu zao. Walipatana siku zote? Thubutu! Waligombana kwa karne nyingi. Lakini akija mgeni na mizinga baharini, alikuta mji.

Na malenga wao alikuwepo. Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, akijibu kila tusi lililotoka Lamu na kila kitisho kilichotoka kwa Bwana Said wa Oman, kwa ushairi ambao watu waliusema sokoni. Mimi humwita afisa uhusiano wa kwanza wa Mombasa. Hakuwa na cheti.

ICCO, shirika la kimataifa lililoanza mwaka 1986 kuziunganisha kampuni za ushauri wa kazi yetu, lilichagua njia inayofanana na hii ya Mombasa: msingi wake ni vyama vya nchi, kila kimoja kikiwa na nyumba yake. IPRA ilichagua mtu mmojammoja. Zote zimefika mbali. Kwa upande wetu huku nasema bila kuuma maneno: tufuate njia ya vyama. Tupige hodi. Mahali penye chama, chama ndicho mlango.

Nawasikia wa Uganda wakinong'ona. Najua mtaniuliza nini. Je, mahali ambapo chama kimebaki muhuri tu, na muhuri wenyewe uko kabatini nyumbani kwa mtu ambaye hajaitisha uchaguzi tangu sijui lini? Swali zuri. Hapo tuwapokee watu mmojammoja, kwa muda, huku tukiwasaidia kumwomba mzee muhuri wake kwa heshima. Asipoutoa, tutachonga mwingine. Nimeahidi kutokuwa mkali, basi niishie hapo.

Turudi Biashara Street.

Yule bwana alikuwa na mteja, mwenye hoteli pwani ya kusini. Kila mwisho wa mwezi mteja huyu alikuja na rula. Nasema rula, rula ya shule, ya mbao, imeandikwa jina la mwanawe kwa kalamu ya wino. Anakunjua gazeti, anapima habari ya hoteli yake, sentimita kwa safu, anazidisha kwa bei ya tangazo, na hiyo ndiyo thamani ya kazi ya mwezi. Ikipungua, malipo yanapungua. Wangapi mnamjua mtu huyu? Wangapi mnamtumikia mpaka leo?

Basi mwezi mmoja wageni wa hoteli ile waliumwa tumbo. Habari ikatoka nusu ukurasa, na picha ya lango la hoteli. Mwisho wa mwezi mhasibu wa hoteli ndiye aliyepewa rula. Akaipima ile habari kama nyingine, akazidisha, akaiandika upande wa faida. Ukawa mwezi bora kuliko yote ya mwaka! Bwana wa Biashara Street alilipwa malipo kamili kwa ajili ya matumbo ya watu. Akanipigia simu, hajui acheke au alie. Mara hii hakuniuliza habari ya cheti. Aliniuliza, "Dada, hamna kitu cha kunisaidia nimwambie huyu mtu?"

Kilikuwepo. Mwaka 2010 watu wa upimaji wa kazi yetu, chini ya chama chao AMEC, walikutana Barcelona wakakubaliana kanuni saba. Mojawapo inasema waziwazi kwamba bei ya tangazo si thamani ya uhusiano mwema. Kanuni nyingine zinataka upime kilichobadilika kwa watu, wamejua nini, wamefanya nini, wala si wingi wa karatasi. Nikakaa usiku mmoja nikazitia katika Kiswahili, kurasa mbili, nikapiga muhuri wa chama, nikampelekea. Akampelekea mwenye hoteli. Mzee akasoma. Hakunijali mimi, na hakumjali yule bwana. Alichokijali ni kwamba haya si maneno ya mtu mmoja anayetetea malipo yake. Nchi nyingi zimekubaliana. Wakaanza kuhesabu waliopiga simu kuulizia vyumba, waliorudi mara ya pili, waliolalamika na wakajibiwa kwa muda gani. Rula hakuitupa. Bado anayo, ila haji nayo.

Ada ya yule bwana iliingia kwa M-Pesa siku hiyohiyo, saa mbili usiku. Sikumdai.

Mnaliona jibu lilikokuwa? Swali lake lilijibiwa na kurasa mbili za Kiswahili zilizofika siku aliyozihitaji. Bendera ngapi zimepandishwa mwaka ule, hakuniuliza. Gharama yake kwa chama ilikuwa umeme wa usiku mmoja.

Na hapo nigusie lugha na pesa kwa pamoja, haraka, maana najua pilau inapoa. Ada ya kampuni ya watu watatu haiwezi kuwa ada ya kampuni ya watu mia tatu, na isiandikwe kwa dola kwa mtu anayelipwa kwa shilingi. Lugha, jamani, tunaona haya ya nini? Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022. UNESCO imekipa siku yake, tarehe 7 Julai. Sisi wauza maneno ndio wa mwisho kukitumia katika mikutano yetu! Afisa uhusiano wa kaunti anaongea na wananchi kwa Kiswahili kutwa, akija kwetu kujifunza kazi yake anafundishwa kwa Kiingereza, akirudi anaanza kutafsiri upya kichwani. Neno "wadau" tumelitumia mpaka limechakaa, lakini ni letu. Mengine tutayapata kazini.

Sasa nije penye uzito. Hapa naomba mniwie radhi kama sauti itapanda.

Mpaka mwaka 2017 kulikuwa na kampuni London ikiitwa Bell Pottinger, miongoni mwa majina makubwa kabisa ya kazi yetu. Mmoja wa waasisi wake, Tim Bell, ndiye aliyemshauri Margaret Thatcher. Kampuni hiyo ikachukua kazi Afrika Kusini kwa Oakbay, kampuni ya ukoo wa matajiri wa Gupta, kwa malipo yaliyoripotiwa kuwa pauni 100,000 kwa mwezi. Ikazaa kampeni iliyowasha chuki ya rangi katika nchi ambayo sote tunajua jeraha lake liko wapi. Chama cha upinzani, Democratic Alliance, kikaandika malalamiko. Kikayapeleka wapi? Polisi? Mahakamani? Kiliyapeleka kwa chama cha kazi, PRCA ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969. Watu wa Afrika Kusini, si wanachama, wakabisha hodi London. Wakafunguliwa. Wakasikilizwa.

Tarehe 4 Septemba 2017 PRCA ikaifukuza Bell Pottinger, na isiombe uanachama tena kwa miaka isiyopungua mitano. Wateja walikuwa wameshaanza kuikimbia. Tarehe 12, siku nane baadaye, kampuni ikawa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Siku nane! Mwezi uliofuata ICCO ikakutana Helsinki, ikatoa tamko la kanuni kumi za maadili.

Wapo wanaosema PRCA ilifukuza kwa sababu magazeti yalikuwa mlangoni. Inawezekana. Mimi pia nina shaka zangu: je, ingekuwa kampuni ndogo, na mlalamikaji mdogo, na hakuna kamera, barua ingesomwa? Lakini ilisomwa. Uvumi ulipokuwa umeenea duniani kwamba sisi sote mafuta yetu ni ya jana, chama kimoja kilitoa jiko barazani kikatoboa mkebe.

Je, sisi huku tunaweza? Tusijidanganye. Nchini Nigeria tangu 1990 kazi hii ina sheria, na asiyesajiliwa na NIPR, taasisi ya kazi hii nchini humo, haruhusiwi kuifanya. Chama cha hiari hakina uwezo huo. Hakiwezi kumfungia mtu duka. Chenye chama cha hiari ni jina tu, na jina linapata thamani siku linapoondolewa kwa mtu.

Nami sisemi haya kama mtakatifu. Nilipokuwa kijana kazini nilibeba bahasha. Mnazijua. Za kaki, ishirini kwenye mkoba, kila moja na noti ya mia tano, tunaziita "nauli ya wanahabari". Siku moja nikamnyoshea mwandishi mmoja mtu mzima baada ya mkutano. Hakuipokea. Akasema, "Mwanangu, nikichukua hii, kesho nikiandika kweli utasema nimekula chako." Akashika daladala akaenda zake. Hapana, Mombasa ni matatu. Nimezoea kusimulia kisa hiki Dar. Zile kumi na tisa nyingine zilichukuliwa, na mimi niliendelea kuzibeba kwa miaka miwili zaidi. Hakuna chama kilichoniuliza. Laiti kingeniuliza.

Nimalizie kwa jambo ambalo Mwenyekiti hajui kama nitalisema.

Miezi miwili iliyopita simu yangu ililia saa tano usiku. Ni yuleyule wa Biashara Street. Siku hizi ana watu saba. Mteja mpya alikuwa amemletea kazi: afungue akaunti kadhaa za majina ya uongo, amchafue mshindani wake wa biashara, aseme bidhaa zake zimeua mtoto. Hakuna mtoto aliyekufa. Malipo yalikuwa zaidi ya anayopata kwa mwaka. Akakataa. Akanipigia kuniuliza, "Nimekataa. Sasa ninyi mko wapi?"

Tukawaandikia wanachama wote kuwaonya, bila kutaja jina la mteja. Mteja akaenda ofisi ya pili, nayo ikakataa; wamekaa pale meza ya nyuma, sitawataja, wataona haya. Akaenda ya tatu. Ya tatu ikakubali. Na ofisi ya tatu ni mwanachama wetu, ada imelipwa kamili, cheti kiko ukutani.

Malalamiko yameletwa kwa maandishi. Aliyelalamikiwa ana haki ya kusikilizwa kama mtu yeyote, na sitasema neno moja kuhusu yatakavyoamuliwa. Nitasema tu kwamba mwenye ofisi ile ni rafiki yangu wa miaka ishirini. Nilikula biriani ya harusi ya binti yake. Kwa sababu ya biriani hiyo nimejitoa kwenye kamati.

Kikao ni Jumanne, saa nne asubuhi, chumba kidogo cha ghorofa ya juu. Wanakamati watano wako humu ukumbini na wanajijua. Mimi nitakuwa nje kwenye korido, kwenye lile benchi la mbao, nimekaa na bwana wa Biashara Street. Amesema atakuja na kahawa.

Asanteni. Kuleni, pilau inapoa.